Kutoka Mjeledi hadi Sifa ya Mtaani: Safari ya Maana ya Neno Kiboko na Maneno Mengine ya Mateso katika Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inaeleza namna maneno yaliyozaliwa au kukomazwa katika utumwa wa pwani na katika utawala wa kikoloni yalivyogeuka kuwa maneno ya kawaida ya mtaani, ya utani, matusi mepesi au hata sifa. Mfano mkuu ni neno kiboko. Maneno mshenzi, mjinga, kipande na manamba yanajadiliwa kwa kulinganisha. Hoja ya msingi ni kwamba maana ya mateso haifutiki kwa sababu wazungumzaji wameamua kusahau. Hufifia kupitia njia za kawaida za lugha, nazo huacha alama katika upatanisho wa kisarufi ambazo mchunguzi anaweza kuzisoma. Sehemu ya mwisho inajadili wajibu wa mtunga kamusi mbele ya maneno ya aina hii.

1.0 Utangulizi

Mwandishi wa makala hii alipowasilisha kwa mara ya kwanza pendekezo lake la utafiti, aliulizwa swali fupi na mmoja wa waliohudhuria: kwani kiboko si mnyama tu? Swali lilizua kicheko, na baada ya kicheko likabaki swali zuri. Mzungumzaji wa leo anaposema yule dada ni kiboko, au hawa jamaa kiboko, au amepata kiboko chake, je, anamzungumzia mnyama wa mtoni, au anazungumzia mjeledi uliokatwa kwenye ngozi ya mnyama huyo na kupasua migongo ya watu kuanzia Kilwa hadi Tabora? Jibu haliwezi kuchukuliwa kwa kukisia. Linahitaji ushahidi, na ushahidi huo upo, ingawa sehemu yake kubwa haimo katika kumbukumbu za nyaraka bali katika viambishi vinavyoandamana na neno lenyewe.

Suala hili lina uzito unaozidi udadisi wa kiisimu. Mnamo Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea na kuomba msamaha kwa yale ambayo taifa lake liliwatendea watu wa eneo hilo wakati wa Vita vya Majimaji. Katika mji huohuo, siku hiyohiyo, hapana shaka kulikuwa na kijana aliyemsifu mchezaji wa timu yake kwa kumwita kiboko. Hakukuwa na ubaya wowote moyoni mwake. Hata hivyo, hali ya jamii kuombolezea tendo kwa neno moja na kushangilia mpira kwa neno lilelile ni hali inayostahili maelezo.

Makala inatumia dhana ya ufifiaji wa maana, yaani hali ambapo neno hupoteza sehemu ya maudhui yake mahususi na kubaki na nguvu yake ya kihisia tu. Michel Bréal, Mfaransa aliyelipa taaluma ya semantiki jina lake mwaka 1883, alikwishaonesha kwamba maneno hupanuka, hufinyika, hupanda hadhi na hushuka hadhi. Kinachoongezwa hapa ni swali la nani aliyelipa gharama ya maana ya awali, na kama lugha inayo njia ya kuikumbuka gharama hiyo.

2.0 Kiboko

2.1 Kitu chenyewe

Mjeledi wa ngozi ya kiboko haukuvumbuliwa na Wajerumani. Ulijulikana Misri na Sudan kwa jina la kurbaji, ulibebwa na misafara ya bara, na katika Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold II, kuanzia mwaka 1885 hadi 1908, ndio uliosukuma watu kutafuta mpira msituni. Kilichofanywa na utawala wa Kijerumani Afrika Mashariki kilikuwa tofauti kidogo, nacho kilikuwa kuugeuza mjeledi huo kuwa kifaa cha ofisi. Agizo la Chansela la Aprili 1896 kuhusu adhabu kwa wenyeji liliweka kikomo cha viboko 25 kwa mara moja. Wanawake, Waarabu na Wahindi hawakupaswa kuadhibiwa kwa njia hiyo. Kwa maneno mengine, mgongo uliopaswa kupigwa ulikuwa wa mwanamume Mwafrika, na sheria ilimhesabia.

Hesabu hiyo ndiyo iliyozaa jina ambalo wazee wa kusini walilikumbuka kwa muda mrefu: hamsa ishirini. Ni mchanganyiko wa Kiarabu na Kiswahili wenye maana ya ishirini na tano, na katika masimulizi ya Majimaji hautaji idadi bali tukio zima, yaani mtu kulazwa chini, askari kusimama juu yake na mwingine kuhesabu. Wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliokusanya masimulizi ya vita hivyo mwaka 1968 bado waliwapata watu walioyaona mambo hayo kwa macho yao. Katika masimulizi hayo kiboko hutajwa pamoja na pamba. Mashamba ya pamba ya lazima yalianzishwa kuanzia mwaka 1902 chini ya Gavana von Götzen, na huko Umatumbi mwaka 1905 ndiko watu walikong'oa miche ya pamba kama tangazo la vita. Vita vilivyofuata hadi mwaka 1907 vilisababisha vifo vinavyokadiriwa na Wajerumani wenyewe kuwa 75,000, na kukadiriwa na Gilbert Gwassa kuwa kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa iliyosababishwa kwa makusudi baada ya mashamba na maghala kuchomwa moto.

Neno kiboko liliingia pia katika Kijerumani cha koloni hilo bila kutafsiriwa. Jambo hili lina uzito kwa mwanaisimu: mtawala alipohitaji jina la kifaa chake cha kutawalia, alilichukua kwa mtawaliwa.

2.2 Mnyororo wa maana

Maana za neno hili zinaweza kupangwa kama mnyororo. Kwanza kuna mnyama. Kutoka kwa mnyama kunapatikana ngozi yake, na kutoka kwenye ngozi mjeledi. Huu ni uhamisho wa metonimia, wa aina ileile inayomfanya mtu aseme amevaa kondoo akimaanisha sufu. Kutoka kwenye mjeledi kunapatikana pigo moja la mjeledi, na hapa ndipo viboko vinapohesabika: viboko vitatu, viboko kumi. Pigo linazaa adhabu kwa jumla, hata kama kilichotumika ni fimbo ya mpera. Kutoka kwenye adhabu kunapatikana yule anayeweza kumwadhibu au kumshinda mwingine, na mwisho kabisa kunapatikana sifa isiyo na mtu wa kuadhibiwa: hodari, bora, wa kupigiwa mfano.

Pingamizi la wazi ni kwamba maana ya mwisho inaweza kutoka moja kwa moja kwa mnyama. Kiboko ni mkubwa, ni mkali, huua watu wengi mitoni. Kwa nini tusiseme kwamba sifa hii ni sawa na simba au chui?

Jibu limo katika upatanisho wa kisarufi. Kiswahili humpatanisha kiumbe hai kwa ngeli ya A-WA hata kama jina lake lina kiambishi ki-. Kwa hiyo mnyama ni kiboko mkubwa, kiboko wa Rufiji, kiboko wake. Mjeledi, kwa kuwa ni kitu, hufuata KI-VI: kiboko kirefu, kiboko cha askari, kiboko chake. Sasa tutazame usemi unaosikika na hata kuandikwa magazetini mtu anapokutana na mshindi wake: amepata kiboko chake. Hakuna mzungumzaji anayesema amepata kiboko wake kwa maana hiyo. Kimilikishi chake kinautambua mjeledi na kumkataa mnyama. Usemi huu ni kiungo cha kati cha mnyororo ambacho kwa bahati hakijakatika, nao unatuonesha upande ambao maana ilipita.

Kuna hoja ya pili, ya kimantiki zaidi. Sifa ya simba haihitaji mtu wa kuliwa, kwani mtu anaweza kuwa simba peke yake. Lakini kiboko katika matumizi yake ya mtaani ya awali hudai mmiliki wa upande wa pili: kiboko ya nani? Kiboko yao, kiboko ya mabeki, kiboko ya mafisadi. Mjeledi lazima uwe na mgongo. Muundo wa usemi umehifadhi nafasi ya mtu anayepigwa hata pale ambapo hakuna anayemfikiria tena.

Na hapa pana jambo ambalo, kwa maoni ya mwandishi, ndilo lenye kuvutia zaidi katika historia yote ya neno hili. Usemi wa mtaani haukubaki na chake. Ulihamia kwenye yake na yao: kiboko yake, kiboko yao. Kimilikishi hiki ni cha ngeli ya I-ZI, ambacho Kiswahili hukitumia pia kwa watu wa karibu, kama tunavyosema baba yao, rafiki yake, adui yao. Inawezekana pia kwamba dawa yake, usemi wenye maana inayokaribiana, ulichangia kwa kuvutana nao. Vyovyote iwavyo, matokeo ni kwamba neno moja sasa lina vimilikishi vitatu vinavyolingana na maana tatu: kiboko wake ni mnyama, kiboko chake ni mjeledi au mshindi, na kiboko yake ni mshindi tu. Maana mpya ilipojitenga na mjeledi ilijitenga kisarufi pia, kama mtoto aliyehama na kujenga kwake.

Hatua ya mwisho ni pale neno linapopoteza hata wingi. Watu husema hawa vijana kiboko, wala si hawa vijana viboko. Husema pia chakula hiki kiboko, gari hili kiboko, harusi ile ilikuwa kiboko. Hapa neno halipatani tena na chochote. Limekuwa kivumishi kisichobadilika, ndugu wa safi na bomba, na linaweza kumsifu mtu au kitu ambacho hakiwezi kumpiga yeyote. Katika hatua hii nafasi ya mgongo imefungwa. Mtu anayekula pilau na kusema kiboko hana askari wala mpigwa katika sentensi yake.

2.3 Kwa nini hamsa ishirini lilikufa na kiboko likaishi

Maneno haya mawili yalitoka katika tukio moja. Moja leo halifahamiki kwa vijana wengi, na jingine liko kila mahali. Tofauti hii inaelezeka. Hamsa ishirini lilifungwa kwenye utaratibu wa utawala mmoja, na utaratibu ulipoondoka liliachwa bila kazi. Halikuwa na maana nyingine ya kulishikilia. Kiboko lilikuwa na nguzo mbili za ziada. Nguzo ya kwanza ni mnyama mwenyewe, ambaye hakuondoka na gavana. Ya pili ni kwamba kiboko kama adhabu hakikuondoka pia.

Waingereza walikirithi. Baada ya uhuru, Sheria ya Adhabu za Chini ya mwaka 1963 ya Tanganyika iliagiza viboko 24 kwa makosa kadhaa ikiwemo rushwa, 12 siku ya kuingia gerezani na 12 siku ya kutoka. Mwalimu Nyerere aliwahi kuieleza hadharani, kwa mzaha uliowaacha watu wakicheka, kwamba vile vya kutokea vilikusudiwa mtu akamwonyeshe mkewe. Mzaha huo ungali unarudiwa, nao ni mfano mzuri wa jinsi jambo la maumivu linavyovaa kicheko katika kinywa cha mtu aliyekubalika. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni zilitolewa mwaka 1979, na marekebisho ya mwaka 2002 yakapunguza idadi hadi vinne. Kenya ilipiga marufuku adhabu hiyo shuleni mwaka 2001. Upande wa Tanzania, basi, mtoto wa shule anajua kiboko kama tukio la mwili wake kabla ya kulijua kama sifa, na huenda asikie kamwe kwamba lilikuwa na historia nyingine. Ufifiaji wa maana haukuondoa kitendo. Ulichoondoa ni kumbukumbu ya nani aliyekileta kitendo hicho ofisini na kwa madhumuni gani. Kwa maoni ya mwandishi, hili ni hasara kubwa kuliko ile ya sifa ya mtaani, kwa kuwa mzazi au mwalimu anayetetea kiboko kama mila ya Kiafrika anazungumza akiwa hana taarifa ambayo lugha ingempa.

Ulinganisho mfupi na Kongo unafaa. Mjeledi uleule, ambao Wabelgiji waliuita chicotte, haukugeuka kuwa sifa katika Kiswahili cha Lubumbashi. Huko uligeuka kuwa picha. Wachoraji wa mitaani wa Katanga, maarufu zaidi akiwa Tshibumba Kanda Matulu, walichora tena na tena mandhari ya mfungwa aliyelazwa chini akipigwa mbele ya ofisa Mbelgiji, na watu wa kawaida walizinunua picha hizo na kuzitundika sebuleni. Wazungumzaji wa lugha moja walikutana na kifaa kimoja, wakakihifadhi kwa njia mbili zisizofanana. Picha ukutani haifanyiwi utani kwa urahisi, lakini neno mdomoni hufanyiwa.

3.0 Mshenzi na mjinga

Ikiwa kiboko kilipanda hadhi, maneno ya utumwa wa pwani yalikwenda njia nyingine. Katika karne ya kumi na tisa jamii ya pwani ilijitambua kwa kupambanisha uungwana na ushenzi. Mwungwana alikuwa mtu huru, mwenye dini, mwenye mji. Mshenzi alikuwa mtu wa bara. Wataalamu wengine hulihusisha neno hili na zanji, jina ambalo Waarabu na Waajemi waliliita eneo hili na watu wake, lakini asili yake si muhimu sana kwa hoja yetu kuliko kazi yake. Kumwita mtu mshenzi kulikuwa kumweka katika kundi la watu wanaoweza kukamatwa na kuuzwa. Wakati misafara ilipokuwa ikiingia Bagamoyo na Kilwa Kivinje, neno hili lilikuwa aina ya cheti.

Ndani ya utumwa wenyewe kulikuwa na ngazi, na kila ngazi ilikuwa na jina. Mtwana na mjakazi yalitofautisha jinsia. Mzalia alikuwa mtumwa aliyezaliwa pwani, anayejua Kiswahili na adabu za mji. Kinyume chake alikuwa mjinga, yaani mtumwa mgeni aliyeletwa karibuni kutoka bara, asiyejua lugha wala desturi, kama Frederick Cooper alivyoeleza katika kazi yake ya mwaka 1977 kuhusu utumwa wa mashambani Zanzibar na Mombasa. Wajinga ndio waliopelekwa kwenye kazi ngumu za mikarafuu na mashamba ya nafaka, na ndio waliokuwa rahisi kuuzwa tena.

Hapa uangalifu unahitajika, na mwandishi anakiri kwamba rasimu ya kwanza ya sehemu hii iliuvuka mpaka. Haifai kusema kwamba mjinga lilianza kama jina la mtumwa. Shina -jinga lina maana pana ya kutojua, na inaelekea sana kwamba soko la watumwa liliazima neno lililokuwepo na kulifinyia maana. Soko lilipofungwa, maana finyu ilianguka na ile pana ikabaki. Mwalimu anayesema usiwe mjinga hajarithi tusi la sokoni kwa njia iliyonyooka. Amerithi neno lililopita sokoni, likakaa humo kwa vizazi kadhaa, kisha likatoka. Tofauti hii ni ndogo lakini ni ya lazima, kwa sababu mjadala wa maneno ya mateso huharibika haraka pale mtafiti anapotaka kila neno liwe na damu tangu kuzaliwa kwake.

Kwa mshenzi hali ni nzito zaidi. Soko la Zanzibar lilifungwa Juni 1873 kwa mkataba uliotiwa saini na Sultani Barghash, na mahali pake, Mkunazini, pakajengwa kanisa kuu la Kianglikana. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Zanzibar mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Lakini neno halikufutwa pamoja na hadhi. Lilipata waajiri wapya wawili. Wamisionari walilitumia kwa wasio na dini yao, na ushenzi ukawa jina la upagani. Walowezi wa Kenya nao walilidondosha kiambishi na kulichukua katika Kiingereza chao kama kivumishi cha kila kitu duni, kuanzia mbwa asiye wa ukoo hadi kazi iliyofanywa ovyo. Umbo hilo lisilo na kiambishi lilirudi katika Kiswahili: shenzi kabisa, shenzi taipu. Mzunguko wake ni wa ajabu. Neno la Mwafrika wa pwani dhidi ya Mwafrika wa bara lilikopwa na Mzungu dhidi ya wote wawili, kisha likarudishwa kwao likiwa tusi la kumtupia dereva aliyekata foleni. Mwaka 1994 lilifika hata Hollywood, pale mmoja wa fisi katika filamu ya The Lion King alipopewa jina la Shenzi.

Kwa hiyo katika mshenzi hatuoni upandaji wa hadhi bali upotevu wa mlengwa. Zamani neno lilikuwa na anwani: watu fulani, wa mahali fulani, waliokuwa halali kutekwa. Leo halina anwani. Mnyamwezi anaweza kumtukana Mswahili wa Mombasa kwa neno hilo na wala hakuna mmoja wao atakayeona kinaya chake. Wengine wanaweza kuona hiyo ni aina ya uponyaji, kwamba tusi lililowalenga baadhi sasa ni mali ya wote. Mwandishi hakubaliani kikamilifu. Mantiki ya ndani ya neno, kwamba kuna watu wenye utu uliokamilika na wengine ambao bado, haijaguswa. Imeondolewa jina la kabila tu.

4.0 Kipande na manamba

Maneno mawili yafuatayo yanahusu kazi ya kulazimishwa zaidi kuliko pigo, na yatapitiwa kwa ufupi. Kipande cha Kenya kilitokana na sheria ya uandikishaji ya mwaka 1915 iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika alipaswa kukibeba katika kikopo cha chuma kilichoning'inizwa shingoni, chenye alama za vidole na maelezo ya mwajiri wake. Kumwacha mwajiri bila ruhusa kulikuwa kosa la jinai, na karatasi ndiyo iliyomfichua mtoro. Kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko yaliyomwinua Harry Thuku, na kukamatwa kwake Machi 1922 kulifuatiwa na watu kupigwa risasi mbele ya kituo cha polisi Nairobi. Leo Mkenya anayesema nimesahau kipande nyumbani anazungumzia kitambulisho chake cha taifa, bila uchungu wowote. Upande wa Tanganyika, kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi, na mshahara ulisubiri hadi miraba yote ijae. Maana hiyo imezeeka pamoja na mashamba ya mkonge.

Manamba nayo yalitoka mkongeni. Watu walioandikishwa kutoka mikoa ya mbali walipewa namba, wakaitwa kwa namba, na hatimaye wakawa namba. Nchini Kenya neno hili sasa ni jina la kijana anayeita abiria wa matatu. Tofauti na kiboko, manamba halikujitenga kisarufi. Lilihama kazi tu, kutoka kwa kibarua asiye na jina kwenda kwa mwingine ambaye kwa kweli hali yake haiko mbali sana na ya yule wa kwanza. Pengine ndiyo maana uhamaji wake ulikuwa rahisi.

Kishawishi cha kuongeza kuchapa kazi katika orodha hii ni kikubwa, hasa kwa kuwa mchapakazi ni sifa ya kitaifa. Hata hivyo kuchapa ni kitenzi chenye matumizi mapana mno, na ushahidi wa kukiunganisha na msimamizi mwenye mjeledi haujapatikana. Kimeachwa.

5.0 Mtunga kamusi afanye nini

Swali hili si la kinadharia. Kamusi zetu sanifu, kuanzia ile ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 hadi Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 na Kamusi Kuu ya BAKITA ya mwaka 2015, zimejengwa ili kumwambia msomaji neno lina maana gani, si lilipata maana hiyo lini na kwa njia gani. Utaratibu huo ulifaa kwa lugha iliyohitaji kusanifiwa haraka. Kwa maneno tuliyoyajadili una athari ya pekee: maana zinapangwa bega kwa bega, 1, 2, 3, kana kwamba zote zimekuwepo tangu mwanzo, na msomaji hawezi kuona kwamba ya tatu ilitoka ndani ya ya pili.

Njia moja ni kuweka alama ya onyo, kama zile za tusi au lugha ya mitaani. Mwandishi anaona njia hiyo haitoshi kwa kiboko na haina maana kwa kipande. Onyo humwambia msomaji asiseme, na hakuna sababu ya kumzuia mtu asimsifu mchezaji. Tena jamii haikubali kuagizwa ipauke au iive kwa amri ya kamusi. Kinachohitajika ni taarifa fupi ya historia na, muhimu zaidi, taarifa ya upatanisho, kwa kuwa upatanisho ndio ushahidi ambao mzungumzaji mwenyewe anaubeba bila kujua.

Kwa mfano, kidahizo cha kiboko kingeweza kutenganishwa kuwa vitatu. Cha kwanza, ngeli ya A-WA: mnyama mkubwa wa mtoni na ziwani. Cha pili, KI-VI: mjeledi uliotengenezwa kwa ngozi ya mnyama huyo, uliotumiwa na misafara na baadaye kuwekwa kisheria na utawala wa Kijerumani kwa adhabu ya Waafrika, taz. hamsa ishirini, pigo la mjeledi au fimbo, pia mtu anayemshinda mwingine, kama katika amepata kiboko chake. Cha tatu, kimilikishi cha I-ZI au bila upatanisho: hodari, bora, kutokana na maana ya pili. Maneno matano ya mwisho katika maelezo hayo, kutokana na maana ya pili, ndiyo ambayo kamusi haijawahi kuyaandika.

Bado kuna ugumu wa hamsa ishirini yenyewe. Kulipa kidahizo neno ambalo halisemwi tena kutapingwa na wahariri wenye kurasa chache, na pingamizi lao lina haki yake. Lakini bila kidahizo hicho, ile taz. katika maana ya pili haielekezi popote, na mwanafunzi wa Songea anayekutana na neno hilo katika simulizi la babu wa babu yake hatakuwa na mahali pa kulitafuta.